Kutoka Feri hadi Mbuga ya Nairobi: Safari ya Kupiga Picha za Maghorofa

Jumamosi, Kigamboni

Safari inaanzia mbali, na hilo ni kwa makusudi. Anayepiga picha za majengo huishiwa hamu kwa sababu anasimama umbali uleule kila siku: barabarani, chini ya jengo, shingo juu. Badili umbali na jengo lilelile litakupa kazi mpya. Ndiyo maana ratiba hii ya Dar es Salaam na Nairobi inaanza ng'ambo ya maji, inasogea hadi mtaani, inaingia chini ya paa, inapanda juu ya ghorofa, kisha inarudi mbali kabisa, kilomita kadhaa.

Pantoni ya alfajiri kutoka Magogoni, kamera ikiwa begini. Hapo jirani ni Ikulu, na upande wa Kigamboni kuna kambi ya wanamaji. Mlinzi hakuulizi unapiga nini, anaona lenzi tu. Ukishuka, tafuta mwenye kibanda au baa inayotazama mji, nunua chai, omba nafasi. Ukiwa kwenye eneo la mtu una mwenyeji wa kukusemea, ukiwa barabarani huna.

Kutoka hapo mnara wa Mamlaka ya Bandari, ghorofa 35 na mita 157, uko upande wa magharibi pamoja na minara pacha ya mfuko wa pensheni yenye mita 153. Katikati ni maji ya mlango wa bandari, na umbali ni kama mita 1,200. Kabla ya kutoa lenzi, piga hesabu: kimo cha jengo gawanya kwa umbali, zidisha kwa urefu wa fokasi, yaani ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi. Mita 157 kwa mita 1,200 kwa lenzi ya milimita 100 inatoa taswira ya milimita 13 kwenye kihisi, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kamera ya fremu kamili, yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, ina kimo cha milimita 24 ikilazwa, kwa hiyo mnara utachukua zaidi kidogo ya nusu, na anga na maji vitagawana kilichobaki. Kwa lenzi ya milimita 200 mnara unafika milimita 26, unakatwa kichwa mpaka usimamishe kamera. Kwa milimita 24 ni milimita 3 tu, yaani meno ya kitana kwenye upeo wa macho. Wengi hufika Kigamboni na lenzi pana wakidhani mji mkubwa unataka lenzi pana. Unataka ndefu.

Asubuhi jua liko mgongoni mwako na nyuso za vioo zinalipokea lote. Dakika nzuri ni zile arobaini za kwanza baada ya jua kuchomoza. Ikifika saa tatu rangi zimefifia na unyevu wa bahari umetandaza ukungu mweupe, hasa msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Msimu wa kusi, Juni hadi Agosti, hewa ni safi zaidi.

Jioni mambo yanageuka: jua linazama nyuma ya mji na maghorofa yanabaki vivuli. Juni linazama kaskazini kidogo ya magharibi, Desemba kusini kidogo, kwa hiyo angalia ni mnara gani utakaolibeba siku uliyokwenda. Lakini picha yenyewe ya jioni haipo kwenye kuzama kwa jua. Ipo kati ya magharibi na isha, taa zikiwa zimewaka na anga likiwa bado na buluu. Huku kwetu karibu na ikweta kipindi hicho hakingoji mtu. Jua linashuka wima, na kutoka kuzama hadi giza la kwanza ni dakika 21 au 22. Mwanga unapungua nusu takriban kila dakika tatu.

Adhana ya magharibi ndiyo saa yako. Ikilia, tripodi iwe imeshasimama, fokasi imeshafungwa, na ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) iko 100 kwenye f/8 (upana wa tundu la lenzi). Picha za dakika kumi za mwanzo ni za kupasha moto. Kati ya dakika ya 14 na ya 20 mwanga wa anga na wa madirishani vinalingana, na shata, yaani muda ambao kihisi kinaachwa wazi, inatembea kutoka karibu sekunde moja kwenda nne au sita. Ongeza muda maradufu kila dakika tatu na usingoje kioo cha kamera kikuambie. Gizani kioo hung'aa kupita kiasi na kukudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha, kwa hiyo tazama grafu ya mwanga. Baada ya dakika ya 25 anga ni jeusi, taa zimeungua, na kilichobaki ni madoa meupe juu ya weusi.

Yanayoharibika hapa ni machache na yanajirudia. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi inatoka jasho mara tu inapokutana na hewa ya pwani, na kulifuta ni kulieneza. Acha begi limefungwa nje nusu saa kabla ya kulifungua. Chumvi hutua kwenye kioo cha mbele kama utando mwembamba, hauonekani mchana, usiku kila taa inaota mwale wa ukungu. Pumulia kioo, pangusa kwa kitambaa safi, halafu mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni uone kama umetoka. Pantoni nayo, ikipita mbele wakati shata iko wazi sekunde nne, inabaki mstari wa taa bila chombo. Kama unaitaka, subiri inyamaze gatini. Kama huitaki, hesabu muda wa safari zake na upige katikati.

Kwa picha pana ya mji mzima, simamisha kamera wima na upige vipande sita hadi nane, kila kimoja kikiingia theluthi moja kwenye mwenzake. Mwanga, fokasi na rangi viwekwe kwa mkono na visiguswe. Ukiacha rangi kwenye otomatiki, kila kipande kitakuja na anga lake na hakuna programu itakayozishona zisionekane.

Jumapili, Sokoine Drive na Kivukoni

Jumapili asubuhi katikati ya mji hakuna foleni wala magari yaliyoegeshwa mbele ya kila mlango. Leo umbali unapungua hadi mita mia kadhaa, na tatizo jipya linazaliwa: majengo yanaanguka nyuma. Si lenzi mbovu. Ukiinamisha kamera juu, kihisi hakiko sambamba na ukuta, basi mistari ya wima inakutana juu.

Dawa ni kuiweka kamera sawa kabisa na kurudi nyuma. Na kurudi nyuma nako kuna hesabu. Lenzi ya milimita 24 ikisimamishwa wima na bila kuinamishwa inaona juu ya usawa wa macho robo tatu ya umbali uliopo. Kwa jengo la mita 157 unahitaji basi kama mita 210. Ukiilaza kamera inaona nusu tu ya umbali, na utahitaji zaidi ya mita 310. Lenzi ya kuhamisha, ile inayosogezwa juu bila kuinamisha kamera, ikisogezwa milimita 12, inakuleta hadi mita 126 hivi. Kwa mwenye simu, lenzi pana ya 0.5x katika simu nyingi inalingana na milimita 13, na mita 115 zinatosha. Washa gridi, weka mstari wa gridi juu ya kona ya jengo, kisha kata sehemu ya chini ya picha ambayo ni lami tupu. Kuinamisha kamera halafu kunyoosha kwenye programu kunawezekana pia, ila unapoteza kingo na ghorofa za juu zinavutwa hadi zinapoteza ukali. Acha nafasi ya ziada ya moja ya tano kila upande.

Ama simama sawa, ama nenda chini kabisa ya jengo uelekeze lenzi mbinguni. Kuinama nusunusu kunaonekana kosa tu.

Kanisa la Azania Front, lililoanza kujengwa na Wajerumani 1898 na kukamilika 1902, liko hatua chache tu kutoka kwenye minara hiyo ya vioo. Kila mtu anapiga mnara wake wa vigae vyekundu mbele ya ghorofa jipya, na kila mtu anasema ni picha ya zamani na sasa. Wazo ni zuri, utekelezaji ndio unaochosha, kwa sababu wanasimama karibu na kanisa na lenzi pana, na ghorofa la nyuma linakuwa dogo mithili ya kiberiti. Rudi nyuma uwezavyo kando ya Kivukoni, tumia milimita 85 hadi 135, na ghorofa litaikaribia paa la kanisa mpaka vigae na vioo vigusane. Asubuhi kuna ibada. Ngoja watu watoke, uombe ruhusa kwa uongozi kabla ya kuingia uani.

Mitaa ya Uhindini, kuelekea Kisutu na Mtaa wa Indira Gandhi, ifanye saa tano hadi saa saba mchana, wakati vitabu vyote vinakuambia uende ukalale. Jua la utosini linateleza juu ya ukuta na kila nakshi ya roshani, kila kizuia jua cha zege, inatupa kivuli chake chini. Inua macho juu ya mabango ya maduka. Majengo ya wafanyabiashara wa zamani mara nyingi yana jina la mwenyewe na mwaka yaliyochongwa kwenye ukingo wa paa, herufi za saruji zilizopakwa chokaa mara nyingi hadi kona zake zimekuwa duara. Tumia milimita 100 kutoka ng'ambo ya barabara. Kivuli chembamba chini ya kila herufi kinakaa muda mfupi, jua likisogea ukuta unarudi kuwa bapa.

Jioni ni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, kilomita moja na kidogo juu ya bahari kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi Coco Beach. Usiegeshe gari darajani, pita kwa miguu. Hapa kinachoamua picha ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji kwa kawaida hujaa alasiri kuelekea saa kumi na moja, na magharibi bado kuna maji ya kutosha kuakisi taa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yanakuwa yamepwa alasiri na unapata tope na mawe mbele ya lenzi. Tazama jedwali la maji kabla ya kutazama programu ya hali ya hewa. Na daraja linatikisika kila lori linapopita. Bonyeza shata kwa kihesabu cha sekunde mbili kukiwa hakuna gari zito, au shuka ufukweni uweke tripodi kwenye mchanga, miguu ikizamishwa sentimita kumi.

Jumatatu, Mlimani na Kariakoo

Leo hakuna mstari wa maghorofa. Ni siku ya kuingia chini ya paa, na kwa maoni yetu ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu jengo linaacha kuwa umbo angani na kuwa kazi ya mtu aliyefikiri.

Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umewahi kupita mikononi mwa karibu kila Mtanzania: ulichapwa nyuma ya noti ya Sh500. Picha ya noti ni ya mbele. Wewe nenda pembeni, mahali ambapo mikunjo ya paa inaonekana ikifuatana, simama kwa lenzi ya milimita 70, na utafute sehemu ambayo mikunjo inajirudia bila kukatizwa na nguzo ya umeme. Ruhusa ombwa ofisi ya uhusiano ya chuo, kwa barua. Kitambulisho cha mwanafunzi rafiki yako hakitoshi ukiwa na tripodi.

Soko la Kariakoo ni kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, na lilifunguliwa 1975. Lilipata moto Julai 2021 na likaingia kwenye ukarabati mkubwa. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake, katikati pameinama na kingo zimeinuka. Ukilipiga kutoka mtaani unaona kingo tu na huelewi lolote. Panda kwenye jengo la jirani, hadi ghorofa ya tatu au ya nne. Maghorofa yenye maduka hapo ni mengi na mlinzi huzungumzika. Ukiwa juu unaona miavuli yote ikipangana na maji ya mvua yanakoelekea. Mawingu mepesi ni bora kuliko jua kali, kwani zege la kijivu kwenye jua kali linakuwa na weupe na weusi tu, na ule mpindo wa mwavuli, ambao ndio habari yenyewe, unapotea.

Begi livaliwe mbele. Mkanda wa kamera uzungushe mkononi mara mbili. Hiyo ni Kariakoo, na hakuna la kuongeza.

Jumanne, barabarani

Basi la Nairobi linaondoka mapema na siku nzima inaishia njiani: Chalinze, Korogwe, Same, Moshi, Arusha, kisha mpaka wa Namanga. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano viwe mfukoni, si kwenye buti. Nakili picha kwenye diski mbili, moja begini na nyingine kwenye nguo. Futa zilizotikisika, lakini kuchagua nzuri ngoja siku chache. Picha uliyoipata kwa taabu huonekana nzuri zaidi siku ileile.

Jumatano, katikati ya Nairobi

KICC, jumba la mikutano la kimataifa la Kenyatta, ndilo jengo la kuanzia, na si kwa sababu ni refu. Lina ghorofa 28 na mita 105, na limeshapitwa mara nyingi. Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, na David Mutiso, Mkenya, walilisanifu, likafunguliwa 1973, na mpaka leo hakuna linalofanana nalo mjini: mnara wa duara wa rangi ya udongo wa kuchoma, na pembeni ukumbi wenye paa la umbo la pia, yaani koni.

Asubuhi panda juu, jioni shuka. Kwenye paa kuna uwanja wa helikopta na wageni huruhusiwa kwa kiingilio. Uliza saa za kufungua siku moja kabla, maana mikutano mikubwa huzifuta. Asubuhi jua liko mashariki na minara ya Upper Hill, upande wa kusini-magharibi, inapokea mwanga usoni. Ukienda jioni inakuwa na jua nyuma yake, vivuli tupu. Chukua lenzi ya milimita 70 hadi 200 na uache tripodi. Upepo wa juu unaitikisa, na walinzi hawaipendi. Egemeza viwiko kwenye ukingo, shata isipungue 1/250. Bunge liko karibu sana chini yako. Usilifanye kuwa mada bila kibali.

Jioni hamia Uhuru Park, magharibi ya Uhuru Highway, utazame mashariki. Sasa jua liko mgongoni mwako na mnara wa KICC unageuka rangi ya chungu kilichotoka tanurini. Dakika kumi za mwisho kabla ya kuzama ndizo zenye rangi hiyo. Subiri tena hadi kati ya magharibi na isha kama Kigamboni, kwa mpango uleule wa dakika tatu. Tofauti moja: Nairobi ina mabango makubwa ya taa za LED, na umeme wetu ni wa hezi 50. Shata ya kielektroniki ya haraka inaacha mistari myeusi juu ya mabango. Tumia shata ya mitambo, au muda mrefu kuliko 1/50.

Askari wa kaunti wakikuona na tripodi katikati ya mji watataka karatasi. Pata kibali mapema, au weka kamera juu ya ukingo wa ukuta ukitegemeza kwa pochi, ufanye kazi kimyakimya. Droni isiguswe bila idhini ya mamlaka ya anga, pande zote mbili za mpaka.

Alhamisi, Mbuga ya Nairobi

Lango linafunguliwa saa 12 asubuhi na uwe wa kwanza foleni. Mbuga iko kusini mwa mji, kwa hiyo unatazama kaskazini na jua la asubuhi linaupiga mji kutoka kulia. Januari na Februari ndiyo miezi yake: hewa ni kavu, na jua likichomoza kusini kidogo ya mashariki linaangaza nyuso zinazokutazama. Juni hadi Agosti asubuhi za Nairobi ni baridi na wingu la kijivu, na jua likitokea linatokea upande wa kaskazini, nyuma ya majengo.

Picha inayotafutwa na wote ni twiga na mji, na nyingi zinashindwa kwa sababu twiga yuko karibu mno na mji umekuwa vijiti nyuma ya miguu yake. Rudi kwenye hesabu ya Kigamboni. Mnara wa Britam, Upper Hill, una mita 200 hadi ncha ya mlingoti. Ukiwa kilomita 8 kutoka kwake na lenzi ya milimita 400, unakuja milimita 10 kwenye kihisi. Twiga dume wa mita 5 anafikisha milimita 10 hizohizo akiwa mita 200. Umbali huo ndio unaowafanya walingane kimo. Akiwa mita 50 anakuwa milimita 40 na hatoshi hata kwenye fremu. Basi ukimwona karibu, mwambie dereva arudi nyuma, jambo ambalo madereva wengi hulishangaa.

Fokasi nayo ina mtego. Ukiifunga kwenye twiga wa mita 200 kwa f/8, mji unakuwa laini. Kwa milimita 400 na f/16, lenga kitu kilicho mita 330 hivi, nyuma kidogo ya twiga, na kila kitu kuanzia mita 170 hadi mwisho wa macho kitakuwa na ukali unaokubalika. Gharama yake ni mwanga: nusu saa baada ya jua kuchomoza, f/16 na 1/250 inahitaji ISO 800, na 1/500 inahitaji 1600. Ikubali chenga ya ISO, zile punjepunje zinazotokea kwenye picha. Twiga aliyetikisika hana dawa.

Huruhusiwi kushuka garini nje ya sehemu zilizotengwa. Jaza mfuko wa kitambaa kilo mbili za mchele, uweke dirishani, laza lenzi juu yake, na dereva azime injini. Injini inayonguruma inaonekana kwenye picha ya milimita 400 hata kama mkononi huihisi.

Mwisho wa kazi ni joto. Kuanzia saa mbili na nusu hivi nyasi zinaanza kurudisha joto na hewa ya kilomita nane inacheza. Kingo za minara zinakuwa na mawimbi, madirisha yanayeyuka. Hakuna lenzi ghali wala programu inayoondoa hilo. Kuza picha moja kwenye kioo hadi asilimia 100 na utazame ukingo wa mnara: ukiona umekatika kama ngazi, funga lenzi na mwambie dereva aelekee langoni.